Bibi Mfinyanzi wa Munanila

Mwaka 1975 Pasikali, mwalimu wa kisomo cha watu wazima pale Kasanda, alikusudia kuandika habari za ukoo wao ziwe hadithi ya kusomwa darasani. Upande wa baba aliujua. Alipomwuliza mama yake, Skolastika, mama alizidi kupepeta maharage.

"Ukoo wangu uliishia njiani tulipohama. Andika habari za pamba."

Asiyeambiwa na mamaye huulizia ulimwenguni. Pasikali alipanda lori hadi Kasulu, akamalizia kwa miguu hadi Munanila alikotoka mama yake, daftari kwapani. Huko mzee Ndayiragije akamwambia bila kumung'unya maneno: bibi yake mzaa mama alikuwa Mtwa, wa kabila lililodharauliwa, mfinyanzi. Watu walipikia vyungu vyake, lakini penye pombe hakupewa mrija wa kunywea mtungi mmoja na wenzake. Alimiminiwa yake pembeni, kwenye kibuyu chake.

Aliporudi, mama hakuhitaji kuelezwa.

"Nestori, baba yake Esteri mchumba wako, atakuja kusikiliza ukisoma. Ukilitaja hilo, posa imekwisha. Na mimi nitanywa na nani? Andika huyo mfinyanzi ni bibi wa jirani."

"Nitakuwa nimesema uongo, mama."

"Mimi nimeusema miaka thelathini. Ukala, ukasoma."

Neno hilo lilimchoma. Uongo uliomlisha mtoto bado ni uongo. Lakini kuufichua mbele ya watu, naye mama mzazi ameketi pale, si jambo la kuchezea. Aliandika "bibi wa jirani", akafuta, akaandika tena.

Siku ya kufunga kisomo wazee waliuzunguka mtungi wa pombe ya ndizi, kila mmoja na mrija mdomoni.

"Soma upesi, mkwe," Nestori akatania, "mtungi hausubiri."

Pasikali akasoma. Alipofika kwa yule mfinyanzi Mtwa, penye maneno "bibi wa jirani", aliinua macho kwenye daftari. Akasema, "Bibi yangu."

Nestori aliuchomoa mrija wake, akaufuta taratibu. "Bibi yako wewe?"

"Mzaa mama."

"Esteri, twende nyumbani."

Esteri aligeuka mara moja tu, akamfuata baba yake. Waliobaki wakausogeza mtungi mbali na mwalimu.

Skolastika alikuwa amesimama katikati, akitazamwa na wote. Kisha alikwenda kukaa kando ya mwanawe, uso umemkauka.

"Umesoma kwamba alichoma vyungu jua la utosi. Nani kakudanganya? Mama yangu alichoma jioni, upepo ukishatulia. Shika kalamu."