Suzanne Wawili

Mwaka wa hamsini na sita, hapa Baraka, hakukuwa na mwanamke aliyechoka kama Pulchérie. Mtoto wake wa kwanza, Suzanne, alikufa maji hapo ziwani. Alipozaa wa pili, pia msichana, wazee wa ukoo wakampa jina la marehemu kama desturi inavyotaka, wakasema haya, amerudi, futeni machozi. Maneno rahisi hayo, kwa mtu anayekwenda zake nyumbani kulala.

Casimir, mumewe, hakufuta chochote. Aliangukia lutuku, pombe kali ya mihogo ambayo Pulchérie mwenyewe aliipika kwa kificho ili wapate chumvi na sabuni. Shamba lake la pamba likaota majani hadi kapita, msimamizi wa mashamba ya wazungu, akachoka kumfokea. Akilewa alimwona Suzanne aliyekufa, akacheka naye, akamsimulia habari za mji. Pulchérie angeweza kumnyima pombe. Hakumnyima. Afadhali mlevi anayecheka peke yake kuliko mwanamume mzima anayelia mchana kutwa, na yeye alitaka kupumzika, basi.

Asubuhi moja alitoka jikoni akamwona Casimir amenyoa ndevu, hana hata harufu ya pombe, amembeba mtoto anaelekea ziwani. Akamkimbilia.

“Baba Suzanne, unapeleka mutoto wapi?”

“Mukubwa iko analia kila siku. Anasema, ‘Huyu mudogo aliniibia jina yangu.’ Maji ndiyo itasema nani Suzanne ya kweli.”

Alikuwa ameshaingia hadi magotini.

“Huyu haiko Suzanne,” Pulchérie akasema, akitunga jina papo hapo. “Suzanne ni ule mumoja tu. Huyu ni Immaculée. Nipe Immaculée wangu.”

Casimir akamtazama mtoto kama mgeni asiyemjua. Akamkabidhi.

“Basi mutoto wangu ananingoja,” akasema, akaendelea kuingia majini.

Wavuvi walikuwa karibu wakivuta wavu. Kuwaita mara moja tu kungetosha. Pulchérie akaketi mchangani, akamnyonyesha mtoto, kwa sababu mtoto alikuwa na njaa, na kwa sababu yeye mwenyewe, Mungu amsamehe, alikuwa amechoka. Maji yalipomfika Casimir shingoni ndipo Pulchérie akapiga kelele.

Wavuvi wakamtoa akiwa hai. Akakohoa, akatapika, akaita, “Mama Suzanne.” Wanawake waliokimbilia kelele wakapiga vigelegele. Pulchérie akalia sana, nao wakadhani ni furaha.