Kila Nikitoka Ukweni Gari Linatetemeka

Gari langu la kwanza lilikuwa na tabia moja mbaya. Mjini lilitulia vizuri, hata kikombe cha chai ungeweza kukiweka juu ya dashibodi. Lakini tukishika ile barabara iliyonyooka ya kwenda Awasi, mshale ukigusa themanini, usukani ulianza kutikisika mikononi mwangu, kisha mlango, kisha meno ya mke wangu. Mtoto wetu wa kwanza alifurahi mno. Alifungua mdomo na kuimba "aaaa" ili asikie sauti yake ikikatikakatika, mpaka mama yake akamfinya.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, nikifundisha hesabu Kisumu. Walimu wenye gari tulikuwa wachache, na sikujisumbua kuficha kiburi changu. Nililipenda gari lile kupita kiasi. Mke wangu hakulipenda hata kidogo. Siku moja, baada ya kushikilia dashibodi kwa mikono miwili kutoka Awasi hadi mjini, alinipa hukumu. Mdogo wake alikuwa anaolewa Desemba, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumtoa bibi harusi kwao, yaani ukweni kwangu karibu na Kombewa, hadi kanisa la upande wa bwana harusi, mbele ya Awasi.

"Kama hii gari itatetemesha mdogo wangu na gauni yake," alisema, "Januari tunauza, tununue mashine ya kusaga."

Nilijua hatanii. Alikuwa ameshachagua mahali pa kuiweka hiyo mashine.

Nikaenda kwa fundi wangu, nyuma ya soko la Kibuye. Alikuwa ametoka Nyeri akiwa kijana, na aliongea na magari kwa heshima kuliko alivyoongea na wenye magari. Hakufungua hata boneti. Alikaa kando yangu tukatoka mpaka barabara ya Awasi, akafumba macho.

"Mwalimu, sikia. Kiti ikitetemeka, shida iko nyuma. Lakini hii ni stering. Hii ni mbele."

"Labda ni injini?"

"Weka fri."

Nikatoa gia, gari likaserereka lenyewe, na mtetemo ukabaki vilevile. "Umeona? Injini haina makosa. Hii ni magurudumu."

Tukayapeleka kwenye duka la tairi yapimwe kwa mashine kama uzito umelingana pande zote. Pale palipokuwa pepesi waligongelea kipande kidogo cha madini ya risasi kwenye ukingo wa rimu, kinang'aa, kimeandikwa nambari ya uzito wake. Tukarudi barabarani. Themanini, tisini, kimya kabisa. Nilipiga honi kwa furaha na hapakuwa na mtu wa kupigiwa. Jumapili tukaenda ukweni. Wiki iliyofuata nikaelekea Awasi, gari likatetemeka.

Tukarudia kupima, likatulia. Tukaenda ukweni, tukarudi, likatetemeka. Mimi nililaumu mashimo ya barabara ya Seme, ile ya kwenda ukweni. Fundi alikagua bolti na beringi, akahamisha magurudumu ya nyuma mbele na ya mbele nyuma, akakosa usingizi kwa ajili yangu. Mara ya tatu alichuchumaa akapitisha kidole kwenye rimu.

"Mwalimu, risasi iko wapi?"

Palikuwa na mkwaruzo tu.

"Hii haikuanguka. Hii mtu ametoa na koleo. Gari inalala wapi?"

Nilimwambia linalala uani kwangu, penye lango na kufuli. Ukweni sikukutaja. Nani angeshuku ukweni?

Kwetu, mkwe haendi ukweni kuzururazurura. Unakaa kwenye kiti ulichowekewa, unakula ulichoandaliwa, huchungulii jikoni wala huulizi maswali. Na mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo kila safari nilibeba sukari, majani ya chai, mkate na sabuni. Muda mfupi baada ya kununua gari, mama mkwe, akiwa amesimama mlangoni kwa umbali wa heshima, alinishukuru kwa niaba ya mzee, baba mkwe wangu, kwa vitu nilivyomletea. Vilikuwa vimemsaidia sana. Nilidhani ni sukari. Nikajibu kama mkwe mwenye adabu, "Ni kidogo tu, mama. Nitaleta tena."

Novemba, tukiwa kule kupanga harusi, nilibanwa nikaomba kwenda msalani, jambo ambalo mkwe hulifanya akiwa hana njia nyingine. Nikirudi nilipita kando ya ua, na juu ya ua mzee alikuwa ameanika wavu wake wa kuvulia samaki ziwani. Kwenye kamba ya chini vilining'inia vipande vya risasi, vimepangwa vizuri kabisa. Ishirini. Thelathini. Ishirini na tano. Nambari zangu nilizijua. Hasira ilinipanda, ikafuatwa na aibu, halafu nikaanza kusikia kicheko tumboni.

Mzee akatokea, koleo likichungulia mfukoni mwa shati.

"Ora, umeziona!" akasema kwa Kijaluo, akiniita mkwe, uso wote furaha.

Akanieleza. Ya kwanza aliiokota kwenye nyasi pale nilipoegesha gari, akajua imedondoka kwenye mizigo yangu. Alipoinama akaona nyingine nimezibana kwenye magurudumu ili zisipotee njiani. "Nilisema, huyu mtoto ana akili." Akamtuma mama anishukuru, na mimi mwenyewe nikaahidi kuleta tena. Zamani alifungia mawe na wavu ulielea ovyo. Sasa ulizama sawasawa, na alinionyesha kwa mikono ukubwa wa samaki aliowapata.

Ningemwambia nini? Kumwambia mkwe kwamba amekuwa akining'olea gari ni kumvua nguo mchana. Kunyamaza nako kulikuwa sawa na kuliuza gari langu Januari.

"Baba," nikasema, "nimeona pale kwenye gurudumu zinaingia matope. Kuanzia leo nitakuletea ndani ya mfuko."

Akafikiri kidogo. "Hiyo ni afadhali. Za juzi zilikuwa ngumu kutoka. Mgongo uliniuma."

Fundi alipoyasikia haya alicheka mpaka akakalia tairi. Tukayapima magurudumu mara ya mwisho, kisha akaniokotea mkebe mzima wa risasi kuukuu zilizotupwa pale kwenye duka la tairi. "Peleka yote. Na uambie mzee fundi anamsalimia."

Mke wangu sikumwambia kitu. Ni baba yake.

Siku ya harusi gauni lilijaa kiti chote cha nyuma na bibi harusi akabaki kichwa tu. Mke wangu alikaa kando yangu, mikono miwili tayari juu ya dashibodi. Tukapita Ahero. Sabini. Themanini. Sikuthubutu kumwangalia. Tisini, na usukani umetulia mkononi kana kwamba haujawahi kutenda kosa. Nilipogeuka, mikono yake ilikuwa imeteleza mapajani. Alikuwa amepika na kuosha vyombo siku tatu mfululizo. Alikuwa amelala, kichwa kwenye kioo, mdomo wazi, yeye ambaye hakuwahi kufumba hata jicho moja ndani ya gari lile. Nikapunguza mwendo mpaka sitini.

"Shemeji," bibi harusi akaita kutoka nyuma, "tumechelewa. Watu wamekaa kanisani."

"Wakae," nikamwambia. "Dada yako amelala."