Nafasi Waliyosomewa Wasiohusika

Saa mbili asubuhi, wodi ya wazazi. Daktari mwenye macho mekundu kwa kukesha anaweka vitambaa vilivyolowa damu juu ya mizani ya jikoni, anasoma, anakunja uso.

"Dokta Mizani, hapa ni wodi au bucha?" muuguzi anamtania.

"Bucha wanapima kuliko sisi, dada," anajibu, na papo hapo anaagiza mama wa kitanda cha pembeni aongezewe damu.

Ndiyo kazi yake hiyo. Mzazi akitokwa damu, wengi hukadiria kwa macho, na macho hudanganya. Yeye hupima vitambaa vikiwa vikavu, akavipima tena vikishalowa, akajua kilichopotea. Yuko mwaka wa mwisho wa kusomea ubingwa, na tangu aanze hajaacha kupima. Wapo wanaume mji huu wanaolala upande mmoja wa kitanda kwa sababu siku mke alipojifungua hakuna aliyepima.

Sasa taasisi moja ilitangaza ufadhili kwa madaktari walio mafunzoni: mwaka mzima wa utafiti, walimu na maabara juu ya taasisi. Ilisema wazi inatafuta kazi za kuokoa wazazi. Tangazo likafika idarani. Yeye hakulisikia.

Angelisikiaje? Kila asubuhi idara inakutana. Zikishasomwa habari za wagonjwa, bosi wa idara anagonga meza: "Vijana, wodini." Wanatoka mbio kwenda kuwatoa wagonjwa damu ya vipimo na kuwaandaa. Matangazo husomwa baada ya hapo, kwa mabingwa waliobaki na vikombe vyao vya chai. Yaani nafasi za wanafunzi wanasomewa waliokwishahitimu. Na hao wakubwa hawaoni ajabu.

Habari aliipata kwa simu ya rafiki wa hospitali nyingine. "Shoga, mbona hukuomba? Walikuwa kama wanakutafuta wewe." Maombi yalikuwa yamefungwa wiki iliyotangulia.

Akaenda ofisini kwa bosi.

"Tulitangaza, binti yangu."

"Lini, mzee?"

"Mkutano wa asubuhi, mbele ya watu wote."

"Sisi ulikuwa umeshatutuma wodini."

"Ndiyo tabu yenu vijana. Hamtulii mkasikiliza."

Alipoulizwa na gazeti hili, bosi huyo alijibu kwamba huo ni utaratibu wa miaka mingi. Kosa likizeeka, wakubwa huliita utaratibu.

Daktari anahitimu mwezi ujao. Ufadhili ni wa walio mafunzoni tu, kwa hiyo mwakani hana haki ya kuomba.

"Ningeshindanishwa nikashindwa, ningelala," anasema akifuta mizani kwa spiriti. "Natamani asubuhi ile ningejichelewesha kidogo. Hata kujifanya nafunga kamba za viatu."

Dada yake mkubwa, ndiye anayemlelea mtoto, naye ana lake moyoni. "Nilikuwa namtania kwamba atasoma mpaka meno yang'oke. Lakini huo mwaka mmoja ningemkalia mtoto, tena kwa furaha. Hakuna aliyetuuliza."

Daftari la vipimo vyote amemkabidhi daktari wa mwaka wa kwanza waliyekuwa wakipima pamoja, ili mwakani aombe yeye. Binti alikataa mara mbili.

"Dada, hili ni jasho lako."

"Jasho langu haliko mafunzoni. Wewe uko. Chukua, mdogo wangu, usinirudishe nyuma."

Yeye ameomba abaki wodi hii hii. Akishakuwa bingwa atakuwa na kiti kwenye ule mkutano, na hatatumwa nje.

"Siombi mkutano ubadilishwe, watanichoka kabla sijakaa," anasema. "Nitasubiri tu tangazo la kwanza. Wakianza kusoma, nitawaomba wanyamaze kidogo, niende wodini nikawaite wenyewe."