Sabato Ambayo Haron Alikalia Mikono Yake

Mume wangu Haron anapenda kusifiwa kwa mambo mawili hapa Ekerenyo: kwamba picha zake hazina ukungu, na kwamba hajawahi kuvunja Sabato. La kwanza nalikubali. La pili siku hizi likitajwa najifanya nina kazi kwenye kompyuta.

Tuna studio ya chumba kimoja sokoni. Yeye hupiga picha, mimi huzisafisha na kuzichapisha. Ijumaa ikifika saa kumi jioni anafunga, kwa kuwa Sabato yetu huanza jua likizama, hata kama bibi harusi amesimama mlangoni na shela yake. Hutoka nje akalitazama jua kama mama aliyeanika nafaka ya wimbi, kisha husema, "Tryphosa, tumemaliza." Wateja humtania, "Shemasi, leo jua limekimbia?" Hajali. Ni mtu mwema, na nilimpenda kwa sababu ya msimamo huohuo, kwa hiyo mkinisikia namsema mjue najisema na mimi.

Mwaka jana alinunua rimoti ya kamera kule Keroka. Ni vitu viwili. Kimoja ni kidogo cha kushika mkononi, chenye kitufe. Kingine ni kipokezi kinachokaa juu ya kamera, pale pa flashi, na waya wake mfupi huchomekwa ubavuni mwa kamera. Ukibonyeza kitufe, hata ukiwa ng'ambo ya ua, kamera inapiga. Wengine huinunua wapate kuingia kwenye picha zao wenyewe. Haron aliinunua kwa ajili ya Sabato.

"Sikiliza," aliniambia, amefurahi kama mtoto. "Ijumaa napanga kila kitu kabla jua halijazama. Sabato mteja anabonyeza mwenyewe. Hapo mimi nimefanya kazi gani?"

"Wewe utakuwa wapi, Baba Esnah?"

"Nimekaa tu. Mgeni kama wageni wengine."

Nilimwambia kuwa Mungu haangalii kidole peke yake. Tukacheka, yakaisha. Ukweli ni kwamba hata mimi niliuona ujanja huo kuwa mzuri. Watu wa mbali hupatikana nyumbani siku ya Sabato tu, na tulikuwa tumewakosa wengi.

Mteja wa kwanza wa ujanja wetu alikuwa Drusilla, mjane wa kanisani kwetu ambaye sote humwita Omong'ina kwa heshima ya umri wake. Ana wana wawili. Machogu, mkubwa, ni mwalimu huko Narok. Anyona, mdogo, yuko nyumbani na chai. Baba yao alipofariki waligombania mistari sita ya chai kando ya jiwe la mpaka, na kwa miaka sita Machogu hakukanyaga boma la mama yake. Akija kijijini kwa mazishi, alilala kwa wakwe zake. Mtu mzima kulala kwa wakwe na nyumba ya mama yake aiona kwa macho! Hapa kwetu aibu hiyo humpata mama kuliko mtoto.

Drusilla alikuja studio siku ya Jumatano, akakaa bila kungoja kukaribishwa.

"Sabato hii ni Meza ya Bwana," alisema. "Kuna mtu wa kanisa amewabembeleza vijana wangu tangu mwaka uanze. Wamekubali kuoshana miguu. Nataka picha yao, mimi nikiwa katikati. Kubwa, ya ukutani."

"Kwani Jumapili haiwezekani, mama?" Haron aliuliza.

"Machogu anarudi Narok jioni hiyohiyo. Na wewe hawa huwajui, mimi ndiye niliwazaa. Nataka picha kabla hiyo miguu haijakauka."

Kwa asiyetujua: sisi Waadventista, kabla ya mkate na divai, huoshana miguu, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Aliye na kinyongo na mwenzake hutarajiwa amtafute huyohuyo, apige magoti mbele yake na beseni. Si jambo dogo. Nimeona watu wakihama kanisa kuliko kushika mguu fulani.

Haron alimwonyesha Drusilla rimoti, akamweleza mpango wetu. Mama akafurahi. Hatukuuliza ni nani huyo aliyewabembeleza wanawe.

Ijumaa mchana tulienda bomani kwake. Haron alipanga viti mbele ya ukuta wa matofali, akasimamisha kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, akapigilia vigingi vidogo pale miguu ilipokaa. Akamfundisha Sheila, binti ya Anyona aliyemaliza chuo juzi, namna ya kuwasha kamera, kuwasha kipokezi, kwenda kusimama nyuma ya bibi yake na kubonyeza. Wakajaribu. Drusilla alikaa amejifunga leso yake ya maua mekundu, Sheila akabonyeza, kamera ikaitika. Mara kumi, mara kumi zote ikaitika. Tukaondoka jua likiwa bado na mkono mmoja juu ya kilima.

Sabato yenyewe Machogu na Anyona waliosha miguu. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, lakini Haron aliniambia Machogu aliushika mguu wa mdogo wake muda mrefu hata baada ya kuufuta. Saa nane tulikuwa bomani. Sheila akaitoa stendi na kamera yake sebuleni, akaiweka kwenye vigingi. Haron akakaa kwenye benchi, hatua chache tu nyuma ya kamera, akaiweka mikono yake chini ya mapaja. Alisema ni ili asijisahau.

Drusilla akatoka amevaa gauni jeupe, kwa kuwa mashemasi wa kike huvaa nyeupe siku ya Meza ya Bwana. Mimi mwenyewe nilivaa kama hilo. Nililipiga pasi Ijumaa asubuhi, na bado haikunijia kichwani.

Wakakaa. Machogu kulia, Anyona kushoto, kila mmoja na mkono juu ya bega la mama. Sheila akasimama nyuma yao, akabonyeza.

Kimya.

"Taa ya rimoti inawaka?" Haron aliuliza kutoka benchini.

"Inawaka."

"Na hiyo ya juu ya kamera?"

Sheila akaja kuangalia. "Iko kijani."

"Namba za hizo vitu mbili zinafanana? Angalia chini. Moja na moja?"

"Zinafanana."

"Sukuma waya iingie kabisa."

Akasukuma. Akarudi, akabonyeza. Kimya. Haron akasema pengine betri zimechoka, Sheila akakimbia kutoa za rimoti ya televisheni, akabadilisha. Kimya. Akajaribu kubonyeza kitufe cha kamera yenyewe kwa kidole. Nacho kikakataa.

"Tutumie simu basi," alisema Anyona.

"Mama amesema ya ukutani," Machogu akamjibu kwa upole. "Tungoje." Hata wakacheka kidogo. Mikono yao ilikuwa bado mabegani pa mama yao.

Hapo ndipo Mzee Ogari alipoingia getini na Biblia kwapani.

Ogari ni mzee wa kanisa, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya uteuzi. Wiki ile jina la Haron lilikuwa mezani kwa kamati hiyo, apandishwe kutoka shemasi kuwa mzee wa kanisa. Alisema, "Sabato njema," akakaa kwenye benchi, bega kwa bega na mume wangu. Na mume wangu, ambaye alikuwa akitoa maagizo kama fundi kwenye paa, akanyamaza ghafla.

Sheila akabonyeza tena. Katika ule ukimya nikaisikia lenzi. Zzz, kwenda. Zzz, kurudi. Nimekaa na kamera ile miaka kumi na miwili. Sauti hiyo naijua kama ninavyojua kikohozi cha mtoto wangu. Rimoti haikuwa na kasoro yoyote. Kamera ilikuwa inatafuta mahali pa kulenga na haipati. Kisanduku chake cha kulengea, ile alama ya katikati ya picha, kilikuwa kimeangukia katikati ya gauni jeupe tupu, kwenye jua kali, pasipo ua kama yale ya leso ya Ijumaa wala mstari wa kushika. Na kamera yetu isipopata kulenga, haipigi, hata uibembeleze. Dawa yake ni swichi moja ubavuni mwa lenzi, inayoizuia isijilenge yenyewe. Unaisukuma kwa ukucha, kazi imeisha.

Nikamtazama Haron. Naye alikuwa ameisikia. Alinitazama, akamtazama Ogari, akatazama viatu vyake.

Angeweza kusema neno moja tu, "Sheila, hiyo swichi." Na mimi je? Mimi sikuwa nimekalia mikono yangu. Nilikuwa na vidole kumi na mdomo. Lakini nilikuwa tayari nimejiona nikiitwa mke wa mzee wa kanisa, na sikutaka Ogari aseme kwamba siku ya Meza ya Bwana tulikuwa tunafundisha watu kazi ya studio. Nasema wazi: pale sikumwogopa Mungu. Nilimwogopa Ogari. Nikanyamaza pamoja na mume wangu, tukamwacha yule binti anabonyeza.

Watu waliogombana miaka sita hawana mazungumzo ya kupitisha muda. Walicho nacho ni kile kile. Machogu alikuwa akitazama mbele, kuelekea chai.

"Anyona," alisema kwa Kigusii, bila hasira bado, "hiyo chai ya chini mbona imepita jiwe?"

"Jiwe liko pale Baba aliliweka."

"La Baba lilikuwa jeusi."

"Unasema nimelihamisha?"

"Nimeuliza tu."

"Uliza vizuri! Asubuhi umenishika mguu, kumbe ulikuwa unapima hatua zangu?"

Mkono wa Anyona ukatoka begani. Machogu akasimama. Drusilla alisema, "Wanangu, kaeni, bado picha," mara mbili, halafu akasema jina la marehemu mume wake. Anyona akanyoosha kidole kuelekea mpakani. Machogu akageuka kuondoka, na mama akainama akamkamata shati kwa nyuma. Sheila alikuwa amesogea kando analia, kidole bado kimekaza kitufe kana kwamba picha ndiyo ingewarudisha. Mama alipoinama, kisanduku cha kulengea kikaangukia matofali ya ukuta. Kamera ikapata kitu cha kushika.

Ikapiga. Tatu mfululizo.

Machogu hakungoja hata chai iliyokuwa mezani. Saa kumi alikuwa barabarani kwenda Narok. Sisi tulirudi nyumbani kwa miguu. Jua lilipozama Haron aliifungua kamera, akazitazama zile picha tatu, akanipa nami nizitazame. "Zimetoka vizuri," alisema, kisha akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Na kweli, hazikuwa na ukungu.

Jumapili asubuhi Ogari alipita kwetu. Alikataa kiti.

"Haron, wewe ni fundi," alisema. "Ilikuwa nini jana?"

Haron akamwambia kuhusu ile swichi.

"Ulijua lini?"

"Nilipoisikia lenzi. Wewe ulikuwa umeshafika."

Ogari akaegemea mlango. "Mimi ndiye nimekuwa nikienda Narok kumbembeleza Machogu," alisema. "Mara nne nimeenda. Jana nilikuja kuiona hiyo picha ikipigwa. Kwani ulidhani nimekuja kufanya nini?"

Siku hiyohiyo Haron aliandika barua kwa kamati, jina lake liondolewe. Watu wakasema ni unyenyekevu. Wanaendelea kumsifu kwa huo, na kila wakimsifu anazidi kukonda.

Jumatatu tulienda kwa Drusilla kuungama. Haron alisema kila kitu akiwa amesimama, kofia mkononi: kasoro, swichi, Ogari, cheo. Nami nikasema, "Hata mimi nilijua, mama." Hakutukemea. Alisema, "Mmekuja. Mbuya mono, ni vizuri sana," kisha akataka kuziona picha.

Nilikuwa nimezichapisha ndogo. Akaziweka kwenye mapaja, akaitazama ya tatu. Mle Anyona amenyoosha kidole. Machogu anaonekana mgongo tu. Yeye mwenyewe ameinama nusu, amekamata shati.

"Hiyo kompyuta yenu," aliniuliza, "inaweza kumgeuza Machogu anitazame?"

Inaweza. Kila wiki nabandika vichwa na suti kwenye picha za matanga, na hakuna anayejua. "Inaweza, mama," nilisema. Nilitamani sana anitume. Ningekesha juu ya picha ile.

Alifikiri. "Hapana. Mwache. Hapa bado nimemshika shati." Akapitisha kidole chake juu ya mkono wake ule wa kwenye karatasi. "Nichapishieni hii. Kubwa."

"Ndiyo, mama."

Akaendelea kuitazama, akiisogeza karibu na macho kama anayetafuta kitu pembezoni.

"Na nyinyi mlikuwa mmekaa wapi?"

"Kwenye benchi, mama," Haron akasema.

"Hiyo benchi ilikuwa mbali na kamera?"

Nilimngoja Haron ajibu. Alikuwa ameinamisha kichwa, kwa hiyo nikajibu mimi.

"Hatua mbili, mama."