Guta Langu Lilipona Kila Jumamosi, Likaugua Kila Jumanne

Sitanii. Mara nne mfululizo.

Jumamosi natoka nalo kwa fundi, injini imetulia mpaka nasikia redio ya muuza chipsi ninayempita. Jumanne asubuhi nikiwasha tu: tak, tak, tak, tak. Watu wanageuka barabarani kabla sijawafikia.

Kabla hujaniandikia "dada, badilisha oili", nisome mpaka mwisho. Oili nilibadilisha. Tatizo halikuwa oili.

Naitwa Vumilia. Naishi Ushirombo na mama yangu, Philomena, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Masalu.

Guta, kwa usiyelijua, ni ile pikipiki ya matairi matatu yenye bodi nyuma. Mimi nabeba maji. Asubuhi najaza madumu ishirini, napeleka machimboni kwa wanaoosha mchanga wa dhahabu na kwa akina mama wanaopika kule. Siku nyingine kule maji yanagombewa kuliko dhahabu yenyewe.

Njia ile yote, mwanamke anayeendesha guta ni mimi tu.

Kijiweni kwa madereva wenzangu, jirani na gereji ya fundi wangu, wakanibatiza jina: Mama Kelele.

"Mama Kelele huyooo! Funikeni watoto masikio!"

Wanacheka mbavu hawana. Mimi nakausha, napita.

Fundi wangu alikuwa Kalisti. Sikumchagua kwa kubahatisha. Alikuwa rafiki wa kaka yangu Masalu, aliyefariki kwa ajali ya pikipiki miaka mitatu iliyopita. Kalisti alibeba jeneza. Mtu wa hivyo unamwachia injini yako unaenda zako kunywa chai.

Mara ya kwanza aliniambia, "Ni tapeti hizo. Kitu kidogo."

Akanieleza vizuri kabisa. Juu ya injini kuna valvu mbili. Moja inaingiza hewa na mafuta, nyingine inatoa moshi. Kila moja inasukumwa na kidole cha chuma, na kati ya kidole na valvu lazima pawe na nafasi ndogo sana, kama unene wa unywele. Nafasi ikizidi, vyuma vinagongana. Ndiyo hiyo tak tak.

Akarekebisha. Kimya.

Jumanne, tak tak.

Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu. Mara ya nne.

Siku tatu baada ya hiyo mara ya nne, nikiwa na mzigo kamili, napandisha kile kilima kabla ya kufika machimboni, kelele ikabadilika. Ikawa kama mtu anagonga sufuria kwa nyundo. Kisha injini ikazima.

Guta lililojaa maji likizima kilimani, usipime.

Nilikanyaga breki, likaendelea kurudi nyuma. Nikakata usukani, bodi ikagonga ukingo wa barabara, madumu yakamwagika kama mawe. Mimi niliruka. Goti likachanika mpaka nikaona nyama.

Nilikaa chini kwenye tope la maji yangu mwenyewe.

Walionivuta hadi kwa Kalisti ni watu wa lori lililopita. Kalisti aliliangalia guta, akaliangalia goti langu. Uso ukamwiva. Hata kufungua hakufungua.

"Vumi, injini hii imekufa. Achana nayo. Uza."

Ngassa alikuwa pale. Huyu ana maguta matatu, tunagombania wateja wale wale. Akadakia hapo hapo:

"Niuzie mimi, dada. Nikupunguzie mateso. Hiyo kazi yenyewe si ya kwenu."

"Si ya kwetu akina nani?"

"Unajua namaanisha nini."

Akili ikacheza. Fundi anasema imekufa, na mteja yuko tayari pembeni yake? Nikajisemea, hawa wamepanga.

"Sikuuzii," nikamwambia. "Nikishindwa nitafugia kuku humo kwenye bodi. Lakini wewe sikuuzii."

Kijiwe kizima kikacheka. Nikatafuta watu, tukalisukuma hadi nyumbani.

Mama aliponiona na lile goti alishika mlango.

"Mungu amekuokoa, mwanangu. Sasa uza."

"Siuzi, mama."

Akaenda kuchemsha maji ya kunikanda.

Kesho yake nikachechemea hadi duka la spea la dada Mwahija. Nilitaka kumuuliza injini nyingine inapatikanaje. Akanisikiliza, akauliza swali moja:

"Nani aliifungua akaona imekufa?"

Hakuna aliyeifungua.

"Basi kafungue mwenyewe."

"Dada Mwahija, mimi sijawahi hata kufungua plagi."

"Miaka kumi nawauzia mafundi spea. Unadhani nilikuwa nimeziba masikio? Kaa hapo."

Akachora kwenye boksi la balbu. Akaniazima spana na kipimo, vile vipande vyembamba vya chuma vilivyofungwa pamoja kama kisu cha kukunja. Akanionyesha kipande cha kutumia.

"Injini iwe baridi. Si vuguvugu. Baridi. Uizungushe mpaka alama ya T ikae kwenye mstari wake, na vidole vyote viwili viwe na mchezo kidogo. Hapo ndipo upime."

Nikafanyia kazi uani kwetu, juu ya kanga kuukuu. Mama alikaa mlangoni anamenya viazi vitamu vya michembe, vile vya kukatwa na kuanikwa, macho yote kwangu.

Nilifungua boliti za kifuniko cha juu moja moja, nazipanga kwenye sahani kwa mpangilio nilivyozitoa.

Kifuniko kikatoka. Vidole viwili hivi hapa, kama alivyovichora Mwahija.

Nikaigusa nati ya upande wa moshi kwa spana. Ikazunguka yenyewe.

Nikaweka spana chini. Nikaizungusha kwa vidole viwili, kama kifuniko cha soda.

Nati hiyo kazi yake ni kubana skrubu ya tapeti isisogee. Ikiwa imelegea, injini ikitikisika siku mbili tatu skrubu inarudi nyuma, nafasi inapanuka, kelele inaanza. Ikizidi, valvu haifunguki vya kutosha na injini inazima.

Injini haikuwa imekufa. Ilikuwa haijakazwa.

Nikapima, nikakaza kwa nguvu zangu zote, nikafunika, nikapiga kiki.

Kimya. Kiki kumi na tano. Hata kukohoa haikukohoa.

"Nilikwambia uza," mama akasema kwa upole.

Aisee, nilitamani kuitupa ile spana kwa jirani. Nikampigia Mwahija. Akacheka.

"Ulipokaza nati, uliishika skrubu kwa bisibisi?"

"Hapana."

"Basi ilizunguka na nati, nafasi yote ikaisha. Valvu haifungi. Rudia kesho, mikono miwili. Mmoja unashika, mwingine unakaza."

Kesho yake nikarudia. Nikalegeza nati, nikazungusha skrubu mpaka kipande cha kipimo kikapita katikati kwa kukwaruza kidogo, kama alivyosema. Bisibisi mkono mmoja, spana mwingine. Nikapima tena baada ya kukaza. Nikafunika.

Kiki ya pili, ikawaka.

Sikusikia tak hata moja.

Nilipiga kelele mimi badala yake. Jirani akachungulia ukutani kujua nani kafa.

Nikarudi kazini. Jumanne ikapita, kimya. Jumamosi ikapita. Jumanne nyingine tena. Kijiweni wakaanza kuninyamazia kama guta langu.

Sasa hapa ndipo sikilizeni.

Baada ya wiki mbili, mama akaniambia, "Vumilia, wewe si fundi. Mpelekee Kalisti akague tu ulichofanya, roho yangu itulie."

Nikaona si mbaya. Na mimi nilikuwa na langu kichwani.

Usahaulifu wa mara moja naujua. Mara nne mfululizo si kusahau.

Kabla ya kwenda nikafungua kifuniko tena. Nikafuta zile nati kwa petroli mpaka zikakauka, nikapaka mstari mwembamba wa rangi ya kucha, nyekundu, kutoka kwenye nati hadi kwenye skrubu. Pande zote mbili. Nati ikisogea hata kidogo, mstari unakatika.

Nikafunika. Nikampelekea.

"Kalisti, naisikia kama inataka kugonga tena. Niangalizie."

Nikaenda kunywa chai, kama kawaida yangu. Niliporudi akasema, "Iko poa sasa. Nimeikaza."

Nyumbani, injini ilipopoa, nikafungua.

Mstari wa upande wa moshi ulikuwa umekatika. Nati ilizunguka kwa kidole.

Sikulia. Nilivimba.

Nikakaza, nikafunika, nikaliwasha guta hadi kijiweni, nikaliegesha katikati yao kabisa. Kalisti alikuwa pale. Ngassa alikuwa pale. Vizuri.

"Kalisti, umelegeza nati yangu leo. Kwa makusudi. Nina alama. Nilikaribia kufa kilimani kwa mkono wako. Nani kakutuma? Huyu?"

Ngassa akaruka kama kaungua. "Mimi? Dada, naapa kwa Mungu! Nataka guta lako, ndiyo, lakini nalitaka likiwa zima!"

Hakuna aliyecheka.

Kalisti alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono.

"Nililegeza," akasema. "Injini yako haina ubaya wowote. Wote mnisikie, haina ubaya."

"Kwa nini?"

"Nenda kamuulize mama yako."

Sikumbuki njia ya kurudi nyumbani.

Mama alikuwa uani, anaanika michembe juani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kugeuka.

"Mayu," nikamwita kwa lugha yetu, kama nilivyokuwa namwita nikiwa mdogo. "Kalisti amesema nikuulize wewe."

Mikono yake ikasimama.

Kuku wakaja wakadonoa michembe, hakuwafukuza.

"Nilienda kwake nikalia," akasema. "Mara tatu. Ile ya tatu nilipiga magoti pale gereji. Nilimwambia aifanye ipige kelele tu. Kelele basi. Nilijua ukichoka utauza."

"Ilizima kilimani, mama! Na maji yote yale nyuma!"

"Sikujua kama ingezima. Naye hakujua. Alikuja hapa siku ile ile, akasema hataki tena."

"Na juzi ukanituma kwake ili nini?"

"Nilimbembeleza tena. Nilisema mara moja ya mwisho."

Nilikuwa na maneno mengi mabaya mdomoni. Nikatoa moja lililo kweli.

"Ungenikataza. Ungeniambia usoni, Vumilia, sitaki uendeshe. Kwa nini hukunikataza?"

Hapo ndipo mama alipogeuka.

"Masalu nilimkataza usoni. Asubuhi ile. Tuligombana hapo hapo ulipokanyaga. Nikamwambia ukitoka na hiyo pikipiki usiniite mama. Akatoka." Akashika kifua. "Hakurudi kuniita. Wewe ningewezaje kukukataza?"

Miaka mitatu, hakuwahi kuniambia.

Nikakaa chini kwenye vumbi na goti langu bovu, tukalia wote wawili mpaka kuku wakashiba.

Lakini nisikilizeni vizuri. Nililia, na sikubadili neno.

"Mama, kesho naenda kazini."

"Nimejua."

"Kesho kutwa pia. Na mtu akilegeza, nitakaza. Akilegeza tena, nitakaza tena. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Na mimi sitaacha kukuita mama. Hata tukigombana asubuhi."

Akanitazama. Akafuta uso kwa kanga.

"Basi sitaki uendeshe," akasema kwa sauti, kama anajaribu kama maneno yanatoka. "Sitaki, Vumilia. Sikia. Sitaki!"

"Nimesikia, mama."

Mambo hayo ni ya mwaka jana.

Kalisti aliomba radhi, na salamu zake napokea. Injini yangu hagusi. Kijiwe kile kile, sasa wanakuja uani kwetu nikae na kipimo nilichonunua kwa Mwahija, niwapangie tapeti. Wa kwanza kuja alikuwa Ngassa, na guta lake linapiga kelele kuliko langu lilivyowahi kupiga. Nilimwambia asubiri, injini ipoe. Alisubiri tangu asubuhi hadi adhuhuri kwenye kigoda cha jikoni.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu akikwambia kitu chako kimekufa na hajakifungua, usimwamini, hata kama alibeba jeneza la ndugu yako. Fungua mwenyewe. Utaharibu mara moja, utarudia, dunia haitaisha.

Na wewe mzazi unayesoma hapa: kama unaogopa, sema unaogopa. Tupigie kelele. Tutabisha, tutanuna, lakini angalau tutajua adui wetu si injini.

Mama bado hataki niendeshe. Ananiambia kila asubuhi, mbele ya majirani, bila aibu.

Mimi namwamkia, napiga kiki, naondoka.