Pazia Lisilo na Dirisha

Ungeingia sebuleni kwa Mama Mapazia ungedhani umeingia stoo. Makochi matatu manene kwenye chumba cha kochi moja, zulia la manyoya, meza ya kioo iliyogonga ugoko wa kila mgeni, maua ya plastiki yenye vumbi kushinda barabara. Halafu mapazia. Jamani! Mazito, tabaka mbili mbili, kamba za rangi ya dhahabu, kutoka darini mpaka sakafuni, kuta tatu kati ya nne. Na chumba kilikuwa na dirisha moja tu.

Sasa mengine ya nini? Ndiyo kazi yake, anashona mapazia. Wateja huja hapo hapo kuchagua mtindo, kwa hiyo sebule ndiyo tangazo. Hilo sawa, mtu ale wapi? Lakini lile jekundu la mahameli, la ukuta wa nyuma, lilikuwa na siri yake. Zamani kidogo ukuta ule ulitoka doa la unyevu, dogo kama sahani. Mtu mwingine angemwita mwashi. Yeye alichukua tepu, akapima, akashona. Doa likaondoka machoni, wageni wakaanza kulisifia "lile dirisha kubwa la kule nyuma," naye hakumsahihisha mtu. Ndivyo alivyokuwa. Meza ikicheza, kitambaa. Mlango ukipiga kelele, kitambaa. Ungemwambia dunia inavuja angekuuliza rangi gani.

Halafu mama yake akaja kukaa naye.

Huyu mama alilea mabinti wawili peke yake kwa kuosha masufuria kwenye kantini ya shule, na miguu ilipomshinda ikabidi achague pa kuishi. Dada mkubwa ana ghorofa, ana gari, ana msichana wa kazi. Mama akasema, "Mimi nitakaa kwa mdogo." Mama Mapazia alilia kwa furaha mpaka akajidunga sindano.

Furaha haikukaa. Mama alianza kukohoa, kwanza usiku, baadaye mchana kutwa. Akachukua kigoda, akawa anashinda nje ukutani kama mtu anayesubiri kufunguliwa.

"Mama, ingia ndani bwana. Majirani watasema nimekufukuza."

"Waambie nimejifukuza mwenyewe."

"Kochi hulipendi?"

"Kochi zuri, mwanangu. Ila nikilikalia naona kama lenyewe ndilo limenikalia."

Mume wa Mama Mapazia, fundi baiskeli asiyeweza kupitisha utani bila kuudaka, alicheka mpaka spana ikamtoka mkononi. Mkewe hakucheka. Yeye alisikia kitu kingine kabisa: nyumba yako haifai, umaskini wako unanikera. Basi akaongeza. Mito mipya sita. Manukato ya kupuliza, ya waridi. Kliniki walisema kifua cha mama hakina ugonjwa mkubwa, anachotaka ni hewa safi. Mama Mapazia akarudi nyumbani akafunga dirisha vizuri ili vumbi lisiingie. Unaona? Mtu ana mapenzi tele na anamziba mzazi wake pumzi kwa mikono yake miwili.

Siku moja mama akamwita pale kigodani.

"Mpigie dada yako. Jumamosi aje anichukue."

"Nimekukosea nini, mama?"

"Hujanikosea. Kwako nakosa pumzi, basi."

Dada kwenye simu hakuwa na huruma. "Si nilikwambia? Mama hawezi kubanana huko. Sasa mfungie vitu vyake, nakuja."

Mama Mapazia alifunga. Na kwa kuwa hakutaka mama aende mikono mitupu, akaamua ampe kile anachokithamini kuliko vyote, kikapambe chumba chake kule ghorofani. Ijumaa mchana akapanda juu ya stuli akalishusha pazia jekundu.

Ukuta ulikuwa mweusi. Siyo doa, ukuta. Doa la sahani lilikuwa limezaa, likapata wajukuu, likapanda mpaka darini, kuvu nyeusi na kijani yenye manyoya kushinda zulia. Pazia lenyewe mgongoni lilikuwa limeoza. Harufu iliyotoka pale, manukato ya waridi yalisalimu amri.

Mumewe akaja, akasimama, akatazama. "Mke wangu," akasema, "hili dirisha lako lina mandhari mbaya."

Mama Mapazia akakaa chini pale pale. Alikaa kama aliyetua mzigo wa kuni.

"Ni ukuta!" akasema. "Siyo mimi. Mama hanikimbii mimi, anakimbia ukuta!"

"Ukuta nao ni wako, usishangilie sana."

Mzee wa utani akapanda ngazi nje kuangalia maji yanatoka wapi. Kwenye mfereji wa paa, pale mabomba mawili yanapoungana, alikuta kitu kimesokomezwa. Akavuta. Kikaja kirefu, chekundu, kinachuruzika.

"Hii mahameli naijua."



"Bomba lilikuwa linavuja," mkewe akajitetea kutoka chini. "Nikaliziba."

"Ukalifunga bandeji! Mama yangu wee. Kitambaa kinakunywa maji huku, kinayamwaga ukutani huku, kama utambi wa taa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema uzibe kwa mahameli!"

Jumamosi dada akaja na gari. Mama Mapazia hakugombana naye, maana vumbi la kukwangua kuvu lingemmaliza mama yao. Alimfungia mama mlango wa gari, akainama dirishani.

"Nenda, mama. Ila nguo usizitoe kwenye begi."

Mama akalipakata begi lake.

Kisha kazi. Wengi wakisikia kupendezesha sebule wanakimbilia kununua. Acheni. Huyu alianza kwa kutoa. Mume akafunga kiungo kipya cha bomba. Yeye akajifunga kitambaa puani, na hapo kweli kitambaa kilikuwa na kazi halali, akakwangua ukuta, akausugua kwa sabuni na dawa ya kufulia nguo nyeupe, akaacha dirisha wazi mchana kutwa mpaka plasta ikakauka kabisa. Juu yake chokaa, ile ya bei ya chini kuliko zote. Zulia lilipopigwa fimbo nje jirani aliuliza kama kuna moto. Muuza samani za mtumba alichukua zulia, meza ya kioo na makochi mawili, akaacha kiti kimoja cha mbao chenye mikono na pesa iliyolipa chokaa na bomba. Maua ya plastiki hakuyataka hata bure.

Dirishani akatundika pazia moja la pamba nyepesi, la vipande vilivyobaki vya wateja, linalofulika na kukauka siku hiyo hiyo. Sampuli zote akazikunja kwenye sanduku. Mteja wa kwanza kuingia akashtuka: "Mnahama?"

"Hapana. Ndiyo kwanza tunahamia."

Yule mteja akaondoka bila kuagiza. Basi. Wengine walikuja. Na wewe unayesoma hapa umekalia kochi lililoziba dirisha, simama ulisogeze kwanza, hadithi itakungoja.

Siku mama alipoletwa kusalimia, dada aliingia akihema, amebeba begi. "Hata sijui la nini hili, tunakaa saa moja tu. Amekataa kuliacha."

Mama hakusalimia mtu. Alisimama mlangoni akanusa. Akaenda moja kwa moja mpaka ukuta wa nyuma, akaukwaruza kwa ukucha, akanusa ukucha.

"Lile dirisha limekwenda wapi?"

"Limehama, mama," mkwe akasema, "lilidaiwa kodi ya unyevu."

Mama akacheka, na kila mtu akakaza shingo kusubiri kikohozi kinachofuata kicheko chake siku zote. Hakikuja. Akakaa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha. Pazia likajaa upepo, likamgusa bega, likarudi. Dada akasimulia habari za ghorofa, lifti, foleni. Mama akafumba macho. Punde akawa anakoroma taratibu, kinywa wazi. Mama Mapazia alisimama pembeni na trei mkononi, anaogopa hata kuiweka chini.

Jua lilipoanza kuinama dada akatafuta funguo. "Mama, amka. Twende kabla ya foleni."

Mama akauliza macho yakiwa bado yamefumbwa, "Begi langu liko wapi?"



"Hili hapa, dirishani," dada akasema.

"Litoeni hapo. Linaziba upepo."

"Nilipeleke kwenye gari?"

"Gari ndilo linalovaa nguo hizo?" Mama akajiegemeza vizuri. "Lipelekeni chumbani kwangu."