Utingo wa Pangoni

Mtu akishapewa jina la utani na madereva wenzake, hata mkewe hulisahau lile la kuzaliwa. Huyu walimwita Rivasi. Lori lake lilikuwa na tela refu kama maneno ya mgomvi, na bado alilirudisha nyuma kwenye vichochoro ambavyo watu wawili wenye baiskeli hupishana kwa kuombana radhi. Watu waliacha chai mezani wakaja kutazama. Yeye hakuwatazama. Mkono mmoja usukani, sikio dirishani, akimsikiliza utingo wake aliyesimama nyuma ya tela akipaza sauti: "Njoo! Njoo! Kata kulia! Njoo... haya, weka!" Tela likakaa pale lilipotakiwa, kama kuku juu ya mayai.

Kisha macho yakamgeuka. Presha ya macho, alisema daktari, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Pembeni kulianza kufifia kidogo kidogo, mpaka akawa anaiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Uso wako anauona, mikono yako haioni. Hakungoja aue mtu barabarani. Alilipeleka lori yadi mwenyewe, akaliegesha kwa rivasi, akaweka funguo mezani kwa bosi wake, akarudi nyumbani kwa miguu.

Nyumbani ndiko alikogongana na kila kitu. Mabega yake yaliijua miimo yote ya milango. Mbele ya nyumba kulikuwa na mtaro uliovukwa kwa ubao, na siku moja alitumbukia humo na mfuko wa mkate mkononi. Mkewe, fundi cherehani ambaye mashine yake ilikaa dirishani chumba cha mbele, alitoka mbio akamnyoshea mkono. Rivasi akausukuma.

"Mimi si mbuzi wa kuvutwa."

"Mbuzi angeuona mtaro," mkewe akajibu, pini zikiwa bado mdomoni. Akaokota mkate, akaupangusa, akarudi kwenye mashine yake.

Basi ikawa hivyo. Yeye na redio yake kwenye kiti cha ukumbini, mkewe na cherehani yake, na mkono unaonyoshwa na kukataliwa mara kwa mara.

Binti yao wa mwisho, Kitinda kwa jina la nyumbani, alikodisha kayaki ufukweni, vile vyombo vyembamba vya plastiki ambavyo mtu hukaa juu yake akapiga kasia lenye bapa huku na huku. Alipeleka wageni kwenye pango lililo chini ya majabali, upande usio na njia ya miguu. Jioni moja alikula nao, akawa analalamika.

"Ile kayaki ndefu imelala tu, buibui wanazaliana ndani. Wageni waoga huiulizia hiyo, maana wanakaa katikati bila kushika kasia. Lakini wale ndugu wawili waliokuwa wakiiendesha wamepata kazi kwingine, na si kila mtu anaweza kuingia pangoni kinyumenyume."

Rivasi akaacha kutafuna. "Kinyumenyume vipi?"

"Mle ndani hamna pa kugeuzia, baba. Na ukiingia kwa pua, mawimbi yanakuja mgongoni huyaoni. Kwa hiyo tunatanguliza mkia, pua inabaki kutazama bahari. Wa mbele anaangalia mawimbi na mwamba, shingo inazunguka kama ya bundi. Wa nyuma anarudisha."

Rivasi akapiga meza, bilauri zikaruka. "Hiyo ni rivasi! Mtoto unafanya rivasi kila siku, unakuja kula chakula changu, hunambii?"

"Baba, macho yako..."

"Macho ya nini? Nilipokuwa narudisha tela nilikuwa naona nini? Ubao wa tela? Nilikuwa naona sauti! Nipe sauti tu, nitakuingizia hiyo kayaki kwenye chupa."

Kitinda akamtazama mama yake. Mama yake alikuwa anauchunguza ukosi wa shati kama vile haumhusu yeyote pale. Hakuna msaada upande huo. Kitinda akashusha pumzi.

"Haya. Nasema mbele ya mama. Mtaingia mara moja, kayaki bila mgeni, na mimi nikiwa mlangoni na kayaki yangu. Ikigusa mwamba, hata mkwaruzo, unarudi kwenye redio yako na habari hii imekwisha."

"Nikitoka safi?"

"Kiti cha nyuma ni chako."

Tangu zile funguo zibaki mezani kwa bosi, hakuna aliyemwambia kitu chochote ni chake. Rivasi akamalizia chakula chake haraka, kama mtu ambaye lori linamngoja nje na injini inanguruma.

Sasa utingo. Yule wa zamani alikuwa dereva siku hizi, na lori lake mwenyewe, huko mbali. Kinyozi wa jirani alisema maji anayoyajua yeye ni ya kwenye beseni. Akabaki mtu mmoja.

"Mama watoto," Rivasi akaanza kwa sauti ya asali, "hivi wewe hujachoka kukaa?"

"Mimi nakaa nafanya kazi. Wewe ndiye unakaa."

"Nipe wiki chache tu. Asubuhi, kabla wateja hawajaja."

Fundi akakata uzi kwa meno. Alimtazama mumewe, alama ya fremu ya mlango ikiwa bado mbichi kwenye kipaji. "Nikizama," akasema, "nitakusumbua mpaka kaburini kwako."

Walianzia penye maji tulivu, kina cha kiuno. Siku ya kwanza kayaki ilizunguka kama pia. Wauza kahawa wa ufukweni wakaacha biashara.

"Mzee! Hiyo ni kayaki au mashine ya kusaga?"

"Anasaga, hamwoni? Leteni mahindi!" Rivasi akawajibu huku jasho linamtiririka. Hakuna aliyewahi kumcheka akamwona amekunja uso. Mwenye shida alikuwa mkewe.

"Nakwambia kulia, unakwenda kama pindo la fundi mlevi!"

"Unachelewa kusema. Utingo husema kabla, si baada."

"Utingo alikuwa analipwa!"

Hata hivyo mikono ilizoea. Miaka ya kugeuza usukani mzito haikuwa imempotea mabegani, na mwanamke aliyeshona mistari iliyonyooka ujana wake wote hakukubali kayaki iliyopinda. Alimwekea maboya mawili ya wavuvi, akamtaka apite katikati kwa mkia. Alimkazania mpaka akapita. Akayasogeza yakaribiane, akapita tena. Wauza kahawa wakarudi kuuza kahawa.

Kitinda alichagua asubuhi ambayo bahari ilikuwa inapumua polepole. Wakavaa jaketi za maboya, mama akakaza kilemba chake juu ya yote, wakakata maji kuzunguka majabali. Mlango wa pango ulikuwa mpana chini na mwembamba juu, kama mdomo wa mtu anayetaka kupiga mluzi. Maji yalikuwa yanaingia na kutoka yakiguna.

"Nawangoja hapa," Kitinda akasema. "Mkiona kubaya, tokeni. Hakuna aibu."

"Aibu ya nini na mimi sijaingia?" Rivasi akacheka. Akaigeuza kayaki, mkia ukatazama giza, pua ikatazama bahari. "Haya, utingo. Nipe sauti."

"Njoo," mkewe akasema, shingo ameipindua. "Njoo. Njoo. Kulia kidogo. Njoo."

Wakaingia. Kwenye tundu lake la kuonea Rivasi aliuona mgongo wa mkewe, na mbele ya kilemba chake mwanga wa mlangoni ukizidi kuwa mdogo. Hewa ikawa baridi, ikanuka chumvi na jiwe lililolowa. Maji yaligeuka kijani chenye nuru, kama vile taa imewashwa chini yake. Alijisikia vizuri. Alijisikia kama mtu aliyekaa tena kwenye kiti chake.

Halafu wimbi dogo likapiga ukuta wa ndani, na pango zima likajaa kishindo.

"Kushoto!" mkewe akasema. Lakini pango lililichukua neno lile likalitupa huku na kule, likarudi kutoka juu, kutoka nyuma, kutoka chini ya maji. Kabla halijafa akatupa jingine, yakachanganyika. Rivasi hakujua lipi ni jipya na lipi la zamani. Akapiga kasia kulia, akasita, akapiga kushoto. Sikio lililokuwa likimtosha maisha yake yote lilikuwa limejaa kelele tupu. Akainua kasia kutoka majini akatulia. Kayaki ikaanza kuteleza yenyewe.

Mkewe aliuona mwamba. Ulikuwa karibu na ubavu wa kushoto, mweusi, wenye meno. Akapiga kelele tena, pango likazimeza tena.

Kuna sauti moja fundi cherehani aliyoichukia kuliko zote duniani. Kila alfajiri, watoto wakiwa wachanga, lori lilisimama mbele ya nyumba, na utingo akalipiga bodi kwa kiganja: moja, simama, mbili, twende. Watoto waliamka wakilia. Aliwahi kumfuata yule kijana nje na ufagio. Miaka yote ile alijiambia kwamba siku lori likiondoka mlangoni pake, hataisikia tena.

Akainua mkono akaipiga kayaki kiganja kimoja. Pwa!

Rivasi aliipata makalioni, na mapajani, kabla haijafika masikioni. Mwili mzima ulijua. Kasia likazama, likashika maji, kayaki ikasimama pale pale.

Kiganja cha upande wa kulia. Pwa! Akavuta mkia kulia. Mwamba ukabaki na meno yake. Pwa, pwa! Twende. Akarudisha.

Hivyo wakaenda mpaka ndani kabisa, penye dari lililoinuka na kokoto nyeupe, bila neno. Walikaa kidogo kokotoni pale wakitweta. Mkewe alitazama dari, ambako nuru ya maji ilikuwa inacheza kama kitambaa cha hariri kinachokunjuliwa.

"Unaona?" akamwuliza.

Rivasi akainua uso, akalitafuta kwa tundu lake, akalikuta. "Naona kipande."

"Kizuri ndicho hicho hicho. Kwingine ni giza tu."

Kutoka ni kwa pua, na Rivasi alikuwa amekwisha kujiandaa kuchapa kasia. Walipokaribia mlango, Pwa! Moja. Akasimamisha. Alitamani kuuliza kuna nini, maana yeye kwenye tundu lake aliona mwanga tu na njia nyeupe. Hakuuliza. Alishika maji na kungoja, kama alivyokuwa akingoja na tani za saruji mgongoni. Bahari ikajikusanya mlangoni, ikavimba, ikaingia. Kayaki ikapanda, dari likashuka, mkewe akainama. Wimbi likapita chini yao likaenda kunguruma huko nyuma. Maji yakashuka. Pwa, pwa!

Alivuta kasia kwa mgongo wote. Wakachomoka kwenye jua kama pini kwenye nguo.

Ufukweni Kitinda aliivuta kayaki nje ya maji. Aliipindua juu ya mchanga, akapiga magoti, akaipapasa kwa kiganja kuanzia puani mpaka mkiani, ubavu huu na ubavu ule. Rivasi alisimama, mikono nyuma, akitazama alikodhani binti yake yuko. Wauza kahawa nao wakasogea.

"Kayaki haijagusa," mama akasema. "Kilichogusa ni hiki." Akavua kilemba. Juu yake palikuwa na ute wa kijani wa dari la pango.

Kitinda akakitazama kilemba, akamtazama baba yake. "Tulisema kayaki," akasema polepole. "Kilemba hatukukitaja." Akainuka, akajipangusa magoti. "Kiti cha nyuma ni chako, baba."

Wauza kahawa wakashangilia. Rivasi akainua mikono yote miwili kama bondia.

"Ngojeni kwanza," mkewe akasema. "Kiti cha nyuma kimepata mtu. Cha mbele je? Mimi kazi ninayo. Nimeomba kazi kwa nani?"

Shangwe ikafa. Kitinda akajifanya anafunga kamba. Ni kweli, hakuna aliyekuwa amemwuliza. Rivasi akashusha mikono. Watu waliomjua walingoja mzaha, maana hakukosa mzaha, lakini safari hii alipiga hatua moja kuelekea sauti ya mkewe.

"Mama watoto. Mimi nasifiwa mjini kote, lakini hakuna tela nililowahi kurudisha peke yangu. Nakuomba."

Fundi akakamua kilemba chake taratibu, tone kwa tone.

"Mchana tu," akasema. "Asubuhi ni ya cherehani. Na dereva haanzi mpaka nigonge."

"Haanzi."

"Popote. Si baharini tu."

 Kipaji cha Rivasi chenye makovu ya milango kikakunjamana, kikakunjuka. "Popote," akasema.

Walirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele, mkewe hatua moja nyuma na kasia begani. Penye mtaro Rivasi akapunguza mwendo. Hakunyoshewa mkono. Nyuma yake kiganja kikapiga bapa la kasia upande wa kushoto. Akasogea kushoto. Kikapiga mara mbili. Akavuka ubao kwa mwendo wa mtu anayekwenda kazini, akapita mlango wa mbele katikati kabisa, bila bega kugusa huku wala huku, akawa anaanza kutabasamu.

Pwa! Moja.

Akaganda, mguu mmoja hewani.

"Viatu," mkewe akasema. "Nimefagia asubuhi, na wewe umebeba ufukwe mzima wa mchanga."